Sikiliza Klachi Kabla Hujauza Ng'ombe

Wewe mkulima uliye na pikapu ya dizeli, wajua jinsi gari hilo lifanyavyo kazi shambani kwako. Asubuhi hupeleka maziwa, mchana hupakia viazi, na jioni hurudi na mbolea, au na jirani aliye mgonjwa. Basi siku litakapoanza kulia chini ya sakafu utashtuka, na huenda fundi wa kwanza utakayemwita akakuambia, "Giaboksi imekwisha." Usitoe fedha siku hiyo. Sikiliza kwanza.

Mzee mmoja wa skimu hapa Kinangop alikuja ofisini akitaka nimwandikie barua ya kuomba mkopo. Alikuwa amekwisha pata mnunuzi wa mitamba yake miwili, na mkopo ulikuwa wa kujazia bei ya giaboksi. Mimi ni karani, si fundi, lakini nilisomea ualimu, na tabia ya kuuliza maswali haijaniacha.

"Mzee, sauti hiyo hulia wakati gani?"

"Hulia safari nzima, karani."

"Hata ukiondoa mguu kwenye klachi?"

Akanyamaza kidogo. Tukatoka nje, akawasha injini bila kutia gia. Hapakuwa na sauti yo yote ya kutisha. Alipogusa pedali ya klachi, filimbi ikaanza. Alipoondoa mguu, ikakoma. Alirudia mara tatu, kisha akaniambia nisiandike ile barua kwanza.

Jaribio hilo hata wewe waweza kulifanya, wala halina gharama. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, gia iwe huru, na injini izunguke polepole. Mguu ukiwa nje ya klachi, shafti ya kuingilia giaboksi huzunguka pamoja na injini. Ukikanyaga mpaka chini, shafti hiyo huachwa. Sasa sikiliza. Mlio ukisikika mguu ukiwa nje, nao ukipotea unapokanyaga, shaka iko ndani ya giaboksi: ama beringi za shafti, ama mafuta yamepungua. Mlio ukianza mara tu unapokanyaga kidogo, mkosaji ni beringi ya kuachia klachi, ile ambayo mafundi huiita rilisi. Usipolia mpaka pedali ifike chini kabisa, ichunguzwe pia beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, ikiwa gari lako linayo.

Halafu endesha. Kelele ya gia moja tu huwa ni ya meno ya gia hiyo. Katika pikapu nyingi zenye gia 5, gia ya 4 hupitisha nguvu moja kwa moja. Basi kelele ikipungua sana katika gia ya 4 na kurudi katika nyingine, shafti ya chini na beringi zake ndizo za kutiliwa shaka. Lakini kelele ikifuata mwendo wa magurudumu, hata gia ikiwa huru, tazama difu, beringi za magurudumu na misalaba ya propela shafti. Gia huru ijaribiwe barabara tambarare isiyo na magari. Mteremko wa kwenda Naivasha si mahali pake.

Hata ukisadiki kwamba ni giaboksi, angalia mafuta yake kabla ya kuifungua. Gari likiwa limesimama sawasawa, fungua nati ya ubavuni; mafuta yafike ukingo wa tundu. Yakimwagwa, tope jepesi la kijivu kwenye sumaku ni la kawaida. Ukiona vipande vya chuma, hapo fundi ana haki kusema giaboksi ifunguliwe.

Klachi yenyewe ikichakaa hujulikana mlimani. Gari lina mzigo, injini yapiga kelele zaidi, lakini mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua yaingia ndani. Hapo klachi inateleza. Kumbuka kwamba pikapu ya tani 1 yashiba kwa magunia 20 ya viazi ya kilo 50, bila kuhesabu wale vijana wanaokaa juu yake. Gia zikikwaruza, hasa ya kurudi nyuma, huenda klachi haiachii vizuri. Kabla ya kushusha cho chote, tazama mafuta ya klachi kwenye chupa yake, na silinda mbili, ya juu na ya chini, kama zinavuja. Wako watu walioshushiwa giaboksi nzima kwa sababu ya mpira mdogo wa silinda.

Ikibidi kubadili klachi, mpe kazi fundi, lakini simama karibu. Waya ya betri ifunguliwe kwanza. Magurudumu yatiwe vizuizi, na gari likae juu ya stendi za chuma. Asilale mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala kwa mawe. Propela shafti itiwe alama ya rangi mahali inapoungana na difu, ili irudi vilevile. Injini ishikiliwe kwa chini, na giaboksi ivutwe nyuma moja kwa moja na watu wasiopungua wawili, au kwa jeki yake. Isiachwe ining'inie kwenye klachi pleti, maana hupinda, na pleti mpya ikipinda utakuwa umenunua taabu mpya.

Vumbi la ndani lisipulizwe. Klachi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, nayo hudhuru mapafu. Lipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Kisha uonyeshwe vitu vyote. Pleti ikiwa na mafuta, sili inayovuja itafutwe, ama ile ya nyuma ya injini ama ya giaboksi, kwani isipobadilishwa pleti mpya italowa vilevile. Flaiwili ikiwa na mikwaruzo au madoa ya buluu, ipelekwe kwa mwenye mashine ya kukereza. Pikapu nyingine mpya za dizeli zina flaiwili ya vipande viwili, ambayo yenyewe huweza kugonga injini inapozimwa. Hiyo isikerezwe bila kusoma kitabu cha gari.

Nunua klachi pleti, presha pleti na rilisi kwa pamoja. Najua bei yake huuma. Lakini kazi kubwa ni ya kushusha na kupandisha, na kubakiza rilisi ya zamani ili kuokoa shilingi chache huenda kukakurudisha gereji msimu huohuo. Pleti iwekwe katikati kwa kifaa chake, upande unaostahili ukitazama flaiwili, na bolti zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana. Grisi kwenye meno ya shafti iwe ya kupaka tu.

Mafuta ya giaboksi yafuate kitabu. Usikubali kutiliwa ya difu kwa kuwa yapo karibu: giaboksi nyingi hutaka GL-4, na mafuta mengine ya GL-5 huweza kula pete za shaba zilizomo ndani.

Klachi mpya isipewe mzigo mzito wala kuvuta tela katika kilomita mia chache za kwanza.

Gari la mzee wetu liliposhushwa, rilisi ilikuwa kavu, na pleti ilikuwa imebakiza kidogo tu kufika kwenye ribiti. Giaboksi ilirudishwa kama ilivyotoka, ikatiwa mafuta mapya. Alipochukua ufunguo, fundi alipanda naye, akamwonyesha mahali pa kuuweka mguu wa kushoto akiwa safarini: sakafuni, mbali na pedali.