Filamu Fupi Mbili za Kutazama Pamoja Nyumbani

Malalamiko ya akina mama kuhusu filamu ni yale yale: ni ndefu, mambo ya aibu huzuka bila ya taarifa, na rimoti haionekani inapohitajika. Wiki hii tunawaletea filamu mbili zilizopita katika matamasha ya filamu duniani, ambazo hakuna hata moja inayofika nusu saa.

Ya kwanza ni The Present, yaani Zawadi, ya Farah Nabulsi, Mpalestina aliyezaliwa London. Mwaka 2020 ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Clermont-Ferrand, Ufaransa, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya BAFTA, Uingereza. Kisa chenyewe ni chepesi. Yusef na binti yake mdogo, Yasmine, wanatoka nyumbani kwao katika Ukingo wa Magharibi kwenda kumnunulia mama friji, iwe zawadi ya ukumbusho wa ndoa yao, kwa kuwa mlango wa friji ya zamani haufungi. Baina ya nyumba na duka pana kizuizi cha askari wa Kiisraeli. Hapo baba anawekwa kando, nyuma ya vyuma, mbele ya macho ya mwanawe, na mtoto anangojeshwa mpaka anajikojolea. Yusef ana maumivu ya mgongo. Anameza dawa, ananyamaza. Wakati wa kurudi, friji haipiti langoni. Mwisho hatuutoboi.

Tulipoitazama nyumbani kwa mmoja wetu, binti wa miaka 12 aliuliza, "Mbona baba yake hasemi kitu?" Kaka yake akamjibu kwamba anaogopa. Mama yao akasema ni kweli anaogopa, ila haiogopei nafsi yake. Mazungumzo yale yalichukua muda mrefu kuliko filamu.

Ya pili ni ya kwetu: Watu Wote, ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Mjerumani Katja Benrath na kuchezwa kwa Kiswahili na Kisomali. Inatokana na tukio la tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera liliposhambuliwa na Al-Shabaab. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, abiria 28 wasiokuwa Waislamu walitengwa na kuuawa huko huko Mandera. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao, na wanawake wakawapa Wakristo hijabu zao wajisitiri. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, na akafariki mwezi uliofuata hospitalini Nairobi. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Filamu inamfuata Jua, mwanamke Mkristo asiyewaamini Waislamu. Tungependa abiria wengine wapewe nafasi zaidi, maana kisa ni kikubwa kuliko dakika zake. Hata hivyo, pale mwanamke mmoja anapomvisha Jua hijabu kwa haraka, bila ya kumuuliza jina, chumba chetu kizima kilinyamaza.

Tahadhari: katika Watu Wote mna risasi na damu. Wazazi watangulie kuitazama peke yao, kisha waitazame na wakubwa baada ya Isha, wadogo wakiwa wamekwisha kulala. The Present yafaa hata kwa mtoto wa miaka 10, ikiwa mzazi ameketi ubavuni mwake.