Fenesi Moja, Maua Maelfu

Huku Changamwe, ambako viwanda na nyumba vimekwisha kula mashamba mengi, mfenesi ulio nyuma ya nyumba ni mali. Hata hivyo wako watu waukatao wakisema kwamba una maradhi, kwa kuwa matunda yake huoza na kuanguka yangali machanga. Ndugu wasomaji, shoka na lingoje kwanza.

Mfenesi mmoja huchanua vishada vya namna mbili. Vya kiume, vyenye kikonyo chembamba, vikisha kumwaga chavua hufanya ukungu mweusi na kuanguka, kwani kazi imekwisha. Vya kike, vyenye kikonyo kinene, hutokea shinani na katika matawi makubwa, na kila kimoja ni maua mengi mno yaliyoshikamana. Ua lililopata chavua hugeuka nyama tamu ya manjano yenye kokwa ndani. Lililokosa hubaki uzi tu, ule tuutupao. Nanasi nalo ni vivyo hivyo, kila jicho lilikuwa ua, ila lenyewe halingoji chavua.

Basi viokoteni vilivyoanguka mkavitazame vikonyo. Vikiwa vinene, na ni vingi, hapo ndipo pa kumwita bwana shamba.