Majani yamerudi, tusimalize yote

Huku Moba mvua za kwanza zinaangukaga mwezi wa 9 ao wa 10. Kiangazi chote parsele zetu zilikuwa vumbi tupu. Angalia sasa: matembele tuliyozania yamekufa yanatoa majani, muhogo nao unafungua macho mapya. Hakuna aliyenunua mbegu.

Wandugu wachimbaji, bustani ya nyumbani si kazi ya wamama peke yao. Malipo yakikawia, nyumba yenye njaa inasaini karatasi yoyote inayoletewa. Nyumba yenye sombe na ugali inaweza kungoja, na siye tunaweza kuongea na mkubwa wa kazi bila kutetemeka.

Basi tusiwe na pupa. Ukichuma majani yote ya muhogo, mizizi inabaki midogo. Chukua kidogo kwa kila mti, uache ncha. Sombe muitwange na kuipika sana, sababu mbichi iko na sumu. Matembele, kata vipande vya sentimita 30 hivi, upande wakati udongo ungali na maji.

Jumapili hii, mwenye mashina mengi amukatie mwenzake asiye nayo.