Kinachotuma Jambo Litokee

Kitenzi cha Kiingereza "cause" kina maana ya kufanya jambo litokee. Kiingereza kilikipata mwishoni mwa karne ya 14 kutoka Kifaransa, na asili yake ni neno la Kilatini "causa". Warumi walilitumia kwa maana ya chanzo au sababu, na vilevile kwa maana ya shauri lililo mbele ya hakimu. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala na baadaye ya mahakama, na maana zote mbili zikaingia kwa mlango huo.

Maana ya shauri ingali hai Meru na Embu nchini Kenya. Orodha ya kesi za siku katika Mahakama Kuu huitwa kwa Kiingereza "cause list". Familia inayotaka kugawana shamba la marehemu hufunguliwa jalada lenye kichwa "Succession Cause", kikifuatiwa na nambari na mwaka. Anayedhani kichwa hicho kinataja sababu ya urithi hataelewa. Ni shauri la mirathi.

Kwa maana ile ya kwanza, ya kufanya jambo litokee, Wameru na Waembu wana njia yao ya kusema, na ni ya kupendeza sana. Kitenzi chao ni gũtũma, ndugu wa damu wa kutuma kwa Kiswahili. Kitenzi hichohicho hutumika mtoto anapotumwa dukani na kitu kinapofanya jambo litokee. Kutokana nacho hupatikana gĩtũmi, yaani sababu: kile kitumacho. Kwa hiyo tukio huja kama mjumbe, na anayetaka kulielewa huuliza nani au nini kimelituma. Kiswahili kilikwenda kwingine kikaazima sababu kutoka Kiarabu "sabab", neno ambalo katika Kiarabu cha kale lilikuwa na maana ya kamba pia. Kikaongeza -isha, tukapata sababisha, shina la Kiarabu na tamati ya Kibantu.

Hiyo -isha ina pacha wake penye miteremko ya Mlima Kenya, nayo ni -ithia. Zote mbili zimetokana na tamati moja ya kale ya Kibantu, ila pale Kiswahili kinaposema s au sh, lugha za huko mara nyingi husema th. Kwa Kimeru thoma ni kusoma, na thomithia ni kufundisha. Mfano bora zaidi umo katika majina ya watu. Kutokana na rĩa, yaani kula, kuna rĩithia, kulisha mifugo, na anayeifanya kazi hiyo ni Murithi, au Muriithi kama wengi wa Embu wanavyoandika. Kila anayeitwa jina hilo amebeba kitenzi cha kusababisha, awe na ng'ombe au asiwe nao.

Kibantu cha kale kilikuwa pia na tamati fupi, irabu moja tu, iliyogeuza konsonanti iliyoitangulia kisha ikafifia. Ndiyo maana Kiswahili kina waka na washa, lala na laza, pona na ponya, ogopa na ogofya. Kiingereza nacho kilipitia njia kama hiyo: "fell", kuangusha mti, kilitokana na "fall", kuanguka, na "set" kikatokana na "sit". Tamati iliyobadili irabu hizo ilipotea zamani, na leo Kiingereza hutegemea zaidi vitenzi vya kusaidia, hasa "make", au "cause" katika maandishi rasmi.

Kuna tabia moja ya "cause" ambayo mwanafunzi anapaswa kuijua. Hupenda kuandamana na mabaya: ajali, ugonjwa, uharibifu. Sababisha ina mwelekeo uleule. Ukame husababisha hasara kwa wakulima wa kahawa wa Embu, na sentensi hiyo haina kasoro. Lakini mvua ikinyesha vizuri, si kawaida kusema kwamba imesababisha mavuno mema. Husemwa kwamba imeyaleta.