Nyunzu: Namba moja kutoka nyuma ya jicho inaweza kumwambia nini mgonjwa wa sukari?

Ugonjwa wa sukari hauumizi jicho. Mtu wa Nyunzu mwenye diabete anaweza kuamka kila asubuhi, kwenda shambani, kusoma ujumbe kwenye simu yake, na huku nyuma ya jicho mishipa midogo ya damu inavuja au inaziba polepole. Siku anapoona madoa meusi yakielea mbele yake, au sehemu ya kile anachokitazama ikifunikwa kama kwa pazia, mara nyingi uharibifu umekwisha kwenda mbali. Hapo ndipo familia inaanza kutafuta treni au moto ya kumpeleka Kalemie.

Kwa zaidi ya miaka 30 watafiti wanajaribu kuuona uharibifu huo kabla mgonjwa hajauhisi. Mojawapo ya njia zao inatoka kwa wanahisabati, si kwa madaktari: wanapiga picha ya mishipa iliyo nyuma ya jicho, wanapima jinsi inavyogawanyika matawi, kisha wanaipa picha nzima namba moja. Hesabu hiyo inaitwa hesabu ya fraktali. Swali la gazeti hili ni dogo: namba hiyo ingemsaidia nini mtu anayeishi mbali na daktari wa macho, kama wanavyoishi wengi wa wilaya ya Nyunzu?

Tuanze na jicho lenyewe. Nyuma yake kuna utando mwembamba unaoitwa retina, ndio unaopokea mwanga na kutuma habari kwenye ubongo. Utando huo una sifa moja isiyo ya kawaida mwilini: hapo mtu anaweza kuiangalia mishipa midogo ya damu moja kwa moja, bila kukata ngozi. Mwanga unapita katika mboni, kamera inapiga picha, basi. Ndiyo maana fundi wa macho anaweza kukutana na dalili za diabete, za tansio, au za drepanositozi kwa mtu aliyekuja kutafuta miwani tu.

Sasa fraktali. Msomaji wa Tanganyika hahitaji kwenda mbali kuielewa. Achukue ramani ya Lukuga, mto unaotoka ziwani pale Kalemie na kushuka magharibi kuelekea Lualaba. Njiani unapokea mito midogo, kila mto mdogo una vijito vyake, na kila kijito kina mifereji yake ya wakati wa mvua. Ukikata kipande kidogo cha ramani hiyo na kukikuza, kinafanana na ramani nzima. Umbo la namna hiyo ndilo mwanahisabati Benoît Mandelbrot, aliyezaliwa Poland na kufanya kazi Ufaransa na Marekani, alilolipa jina la fraktali mwaka 1975. Mizizi ya mwembe iko hivyo, radi iko hivyo, njia za hewa ndani ya mapafu ziko hivyo, na mishipa ya retina pia.

Kuipima si uchawi. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kufanya hivyo kwa daftari la hesabu lenye miraba. Chora mishipa juu ya karatasi, kisha hesabu ni miraba mingapi imeguswa na mchoro. Halafu gawa kila mraba kwa kupunguza upande wake nusu, uhesabu tena. Kama ulichora mstari mmoja ulionyooka, miraba iliyoguswa itaongezeka mara mbili. Mstari huo una dimensheni 1. Kama ulipaka wino karatasi yote, itaongezeka mara nne. Hiyo ni dimensheni 2. Mishipa ya retina inaangukia katikati, karibu mara tatu. Mwaka 1989 Fereydoon Family, Barry Masters na Daniel Platt walichapisha kipimo cha kwanza cha aina hii kwa retina ya binadamu na kupata namba iliyo karibu na 1.7. Vipimo vingine vilivyofuata, kwa programu nyingine, vinatoa 1.4 na ushei kwa macho yaliyo sawa. Msomaji aishike tofauti hiyo, tutakutana nayo tena.

Namba inapanda, kisha inashuka

Wazo la madaktari lilikuwa rahisi kueleweka. Kama mti wenye afya una matawi yake kamili, mti unaougua utakuwa na matawi pungufu au yaliyochanganyikana, na namba itabadilika. Kompyuta ingeweza kuliona badiliko hilo mapema kuliko jicho la mtu.

Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vijana 729 wa Australia, wenye umri wa miaka 12 hadi 20, wote wakiwa na diabete ya aina ya kwanza. Wale waliokuwa na namba ya juu ndio walioonekana zaidi kuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa kwenye retina. Mwaka uliofuata, watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya watu walioishi na aina hiyo hiyo ya diabete kwa miaka mingi. Huko ikawa kinyume: namba ya chini ndiyo iliyoambatana na ugonjwa mkali, ule ambao retina inaota mishipa mipya dhaifu inayopasuka ovyo.

Wengine walisema basi kipimo hiki ni bure. Si lazima iwe hivyo. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mwanzoni mishipa hupanuka, na ile iliyokuwa myembamba mno kuonekana inaingia kwenye picha. Baadaye mishipa inaziba na matawi yanapotea, kama vijito vinavyokauka kiangazi. Namba inapanda kwanza, halafu inashuka. Lakini hapo ndipo penye hatari kwa mgonjwa: mtu ambaye ugonjwa wake umefika katikati ya safari hiyo anaweza kupata namba sawasawa na ya mtu mzima wa afya. Anayempa mgonjwa namba moja, siku moja, na kumwambia "uko sawa", anambahatisha.

Kwa tansio pia kuna habari. Uchunguzi wa wakazi wa Blue Mountains, huko huko Australia, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba watu wenye shinikizo kubwa la damu walielekea kuwa na namba ya chini zaidi. Na wagonjwa wa drepanositozi, ugonjwa ambao familia nyingi za Kongo zinaujua kwa uchungu, walipimwa mjini Chicago kwa mashine inayopiga picha za mtiririko wa damu ndani ya retina. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, na dimensheni ya fraktali ilikuwa miongoni mwa vipimo vilivyotumika kuwatenganisha na watu wasio na ugonjwa.

Tatizo kubwa liko kwenye picha. Mwaka 2016 watafiti wa Eindhoven, Uholanzi, waliijaribu namba hiyo kwa kubadilisha mambo madogo madogo: programu inayochora mishipa, eneo la retina linalopimwa, jinsi picha ilivyopigwa. Namba iliyumba kiasi cha kuweza kufunika tofauti kati ya mgonjwa na asiye mgonjwa. Ndiyo sababu wengine walipata 1.7 na wengine 1.4. Mtu akipigwa picha kwa kamera moja Kalemie mwaka huu, na kwa kamera nyingine Lubumbashi mwaka ujao, namba mbili hizo hazilinganishiki, hata kama zote zimeandikwa kwa tarakimu nne baada ya nukta.

Kwetu kuna jambo jingine linaloongeza ugumu. Wazee wengi wana mtoto wa jicho, ile hali ya lenzi kuwa nyeupe kama maziwa. Picha inayopigwa kupitia lenzi kama hiyo inatoka na ukungu. Mishipa midogo inapotea kwenye ukungu, kompyuta inahesabu matawi machache, na namba inashuka bila retina kuwa na kosa lolote. Mzee huyo angeambiwa mishipa yake imeziba wakati anachohitaji ni operesheni ya mtoto wa jicho, ambayo ni fupi na inarudisha uwezo wa kuona.

Kilichofanyika jirani

Jaribio lililo karibu nasi zaidi halikufanyika kwa hesabu ya fraktali, bali kwa kompyuta iliyofundishwa kuzitambua picha. Lilifanyika Zambia, kwenye jimbo la Copperbelt, ng'ambo tu ya mpaka wa Katanga ya Juu. Matokeo yake yalitoka mwaka 2019: wagonjwa wa sukari 1,574, picha 4,504 za retina. Kompyuta ilikuwa imefundishwa kwa picha za watu wa Singapore, na wengi walitaka kujua kama ingeelewa macho ya Waafrika. Kati ya macho yaliyohitaji kupelekwa kwa daktari, iliyatambua zaidi ya 9 katika kila 10. Na kwa yale yaliyokuwa karibu kupofuka, ilikaribia kutokosa hata moja.

Kenya nako kuna la kujifunza. Katika eneo la Nakuru, watu wazima 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi walipimwa macho mwaka 2007 na 2008, na walipofuatwa tena miaka sita baadaye, timu ya Andrew Bastawrous ilitumia simu ya mkononi yenye kifaa kidogo mbele ya kamera. Baadhi ya waliopiga picha hawakuwa na kazi yoyote ya afya kabla ya hapo. Walifundishwa, na picha zao za mahali neva inapoingilia kwenye jicho zilisomwa London na kukubaliwa. Ila simu ile iliona eneo dogo. Kuhesabu matawi ya mto mzima kunahitaji ramani pana, na kwa hesabu ya fraktali picha finyu haitoshi.

Na kuna ugonjwa ambao Nyunzu inaujua kuliko diabete: malaria. Huko Blantyre, Malawi, madaktari walichunguza miili ya watoto 31 waliokuwa wametibiwa kama wagonjwa wa malaria ya ubongo kabla ya kufariki. Matokeo, yaliyotoka mwaka 2004, yalionyesha kwamba 7 kati yao walikuwa wameuawa na kitu kingine. Dalili iliyowatenganisha watoto hao na wenzao walipokuwa hai ilikuwa moja tu, retina: mabaka meupe, mishipa iliyobadilika rangi, damu iliyovuja. Hakuna kompyuta iliyohitajika, bali mtu aliyefundishwa kuangalia ndani ya jicho, taa yake, na dawa ya kupanua mboni.

Nikiulizwa Nyunzu ianze na nini, nisingeanza na programu ya fraktali. Programu za kuhesabu miraba zinapatikana bure na zinafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Hesabu ndiyo sehemu ya bei rahisi. Ghali ni kamera, umeme usiokatika, mtu wa kuitumia, na juu ya yote matibabu baada ya picha. Retina iliyoharibiwa na diabete hutibiwa kwa laser au kwa sindano ndani ya jicho. Madaktari wa macho wa Kongo wengi wako Kinshasa na miji mikubwa michache. Kumpiga picha mama wa kijijini, kumwambia atapofuka, kisha kumwacha bila njia ya kufika kwenye laser, ni kumwongezea mzigo. Na barabara za wilaya hii, pamoja na miaka ya mapigano iliyowakimbiza watu vijijini mwao, zinaifanya safari hiyo kuwa jambo la kuuza mbuzi kabla ya kuianza.

Hata hivyo kuna mambo yasiyongoja kamera. Mgonjwa wa diabete ya aina ya pili, ile inayowapata zaidi watu wazima, anapaswa kuangaliwa retina mara tu ugonjwa unapogunduliwa, kisha kila mwaka, kwa sababu mara nyingi amekaa nao miaka bila kujua. Kwa aina ya kwanza, uchunguzi wa kila mwaka unaanza baada ya miaka mitano hivi. Mama mwenye diabete anayebeba mimba aangaliwe mapema, kwani mimba inaweza kuuharakisha ugonjwa wa retina. Sukari na tansio zikishikwa vizuri, uharibifu unakwenda polepole zaidi. Kifaa cha tansio kinapatikana katika vituo vingi vya afya ambavyo havijawahi kuona kamera ya retina.

Kama kamera itafika, faida ya fraktali itakuwa kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe, mwaka hata mwaka, si kumlinganisha na vijana wa Australia. Hapo picha ya kwanza ndiyo yenye thamani kuliko zote, hata kama siku hiyo haionyeshi kitu. Muuguzi atakayeipiga aandike kwenye fishi ya mgonjwa tarehe, jicho la kulia au la kushoto, aina ya kamera, kama mboni ilipanuliwa kwa dawa, na kama lenzi ilikuwa na ukungu. Mgonjwa naye aombe nakala kwenye simu yake, maana fishi za hospitali zetu hulowa, huliwa na mchwa, na nyingine hubaki nyuma watu wanapokimbia.