Pima Kabla ya Kufungua: Injini ya Peugeot 504 Katika Hewa ya Nakuru

Peugeot 504 haihitaji kutambulishwa kwa mtu wa Nakuru. Ndiyo iliyowabeba wazee wetu kwenda Nairobi, Eldoret na Kisumu, mizigo imefungwa juu ya keria. Ndiyo pia iliyoshinda Safari Rally mwaka wa 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson wa Uswidi, kisha 1978 ikiwa na Mfaransa Jean-Pierre Nicolas, ingawa ile ya pili ilikuwa kupe ya V6. Ninayoizungumzia hapa ni ile ya kawaida ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 1,971. Nenda Njoro, Bahati au Molo utaikuta bado, imefunikwa turubai nyuma ya nyumba, na mwenyewe atakuambia injini imechoka. Muulize kama imewahi kupimwa.

Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Kwa hivyo injini ya kabureta hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake hata ikiwa mpya kabisa. Kabureta iliyosetiwa kwa hewa ya pwani huku humwaga petroli kupita kiasi: plagi zinajaa masizi, gari linakohoa likipanda Mau Summit, na mwenye gari anaambiwa ringi zimekwisha. Gari la namna hiyo linahitaji jeti ndogo zaidi na mkono wa fundi anayejua kabureta. Kuifungua injini hiyo ni kuitafutia ugonjwa.

Basi anza na geji ya kompreshani. Injini iliyokaa miaka usiipige stata moja kwa moja. Toa plagi, tia oili kidogo katika kila silinda, iache ilale usiku mmoja, kisha izungushe taratibu kwa spana kwenye puli ya kranki. Ikizunguka bila kukwama, badilisha oili, seti tapeti kwa kipimo cha kitabu cha gari (vali iliyobanwa sana haifungi, nayo itakudanganya), kisha iwashe ipate moto. Sasa toa plagi zote nne, chomoa waya wa koili ili kusiwe na cheche karibu na mvuke wa petroli, na umwombe mtu akanyage mafuta hadi mwisho huku akipiga stata. Kila silinda ipewe mizunguko ileile, mitano au sita, na betri iwe imejaa.

Hapo ndipo wengi hupotoka. Injini inayosoma psi 150 Mombasa itasoma kama 120 Nakuru, na itashuka zaidi ukiipeleka Timboroa, mita zaidi ya 2,700. Anayesoma jedwali la kiwandani bila kukumbuka mwinuko ataihukumu injini nzima kuwa mbovu. Linalonishughulisha mimi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zikiwa 118, 120, 115, 119, funga plagi zako ushukuru. Moja ikiwa 80, tia kijiko cha oili ndani yake upime tena. Ikipanda sana, ringi au silinda imelika. Isipopanda, tazama vali. Zikishuka mbili zinazopakana, gaskiti ya kichwa huenda imeungua katikati yake.

Moshi nao husema. Teremka kutoka Sachangwan kwenda Salgaa kwa gia, mguu nje ya mafuta, kisha ukanyage chini kwenye tambarare. Ukitoka moshi wa buluu kwa ghafla na kukatika, oili inapita kwenye gaidi za vali. Ukiendelea kutoka kila unapovuta mzigo, ni ringi.

Ikibidi kufungua kichwa, jua kwamba silinda za 504 ni silivu zilizosimama ndani ya maji, chini zikiwa zimekalia gaskiti zao. Kichwa kinapotoka hakuna kinachozikandamiza. Ukizungusha kranki, hata robo mzunguko, pistoni inaweza kuinua silivu, na ile gaskiti ya chini ikivunjika maji yataingia kwenye sampu. Utaligundua wiki mbili baadaye, oili ikiwa nyeupe kama maziwa. Zibane silivu kwa bolti na washa pana kabla ya kugusa kitu kingine chochote, na usimruhusu mtu kuzungusha kranki "kidogo tu".

Mambo mawili huua injini hizi katika Bonde la Ufa baada ya kazi nzuri. La kwanza ni vumbi letu lenye majivu ya volkeno, ambalo hukwangua silinda ikiwa klina imepasuka au mpira wake umelegea. La pili ni maji ya kisima. Mengi ya huku yana magadi, na magadi hula alumini, ambayo ndiyo kichwa cha 504. Tumia maji safi yaliyochanganywa na kulanti, na uibadilishe kwa wakati wake. Oili iwe 20W-50. Oili nyepesi za magari ya kisasa hazikutengenezwa kwa kamshafti na tapeti za aina hii.

Kabla hujamlipa mtu yeyote pesa za ovaholi, andika zile namba nne kwenye daftari, pamoja na tarehe na mahali ulipopimia, na umpe fundi azisome. Akikuambia injini ifunguliwe, akuonyeshe ni namba ipi inayosema hivyo.