Mshale wa Mwendo Unaokufa na Kufufuka: Kabla ya Kununua Dashibodi Nyingine

Wamiliki wa BMW ya msururu wa 5 aina ya E39, gari la kifahari lililoanza kuundwa mwaka 1995, huifahamu vyema hitilafu hii. Gari likiwa barabarani, mshale wa spidomita hushuka ghafla hadi sifuri, hubaki hapo kwa muda, kisha hurejea kana kwamba hapakuwa na jambo. Baadhi ya mafundi hutoa hukumu papo hapo: dashibodi imekufa, itafutwe nyingine ya mtumba. Mara nyingi dashibodi hiyo haina kosa lolote.

Sababu ni namna gari hili linavyopima mwendo. Magari ya zamani zaidi yalitumia kebo inayozunguka kutoka kwenye giaboksi hadi nyuma ya mshale. E34, iliyoitangulia E39, ilikuwa na sensa iliyofungwa kwenye difu. E39 haina kimoja wala kingine. Sensa za magurudumu hupeleka taarifa kwenye kompyuta ya breki za ABS, nayo huiarifu dashibodi kasi ya gari. Mshale ni mpokeaji tu.

Katika mengi ya magari haya kompyuta hiyo hukaa chini ya boneti, kwenye joto la injini. Miaka inapopita, viunganishi vidogo vya umeme vilivyomo ndani yake hupata nyufa. Gari likiwa la baridi nyufa hugusana na umeme hupita. Likipata moto huachana. Kwa hiyo fundi anayelipima gari asubuhi, kabla injini haijachemka, anaweza kusema kwa unyofu kabisa kwamba haoni tatizo. Mtumiaji aombe gari lipimwe baada ya kuendeshwa.

Kabla ya kwenda gereji, inafaa kuandika mambo machache: hitilafu hutokea wakati wa joto, wa mvua au kwenye barabara mbovu? Je, taa ya ABS huwaka mshale unapoanguka? Hili la taa ndilo lenye uzito kuliko yote. Ikiwaka, uchunguzi uanzie kwenye sensa za magurudumu, plagi na nyaya zake, kisha kompyuta ya breki. Isipowaka, dashibodi na nyaya zake ndizo za kushukiwa kwanza.

Dashibodi yenyewe inaweza kujaribiwa bila gharama. Kitufe cha kufuta kilomita za safari kikishikiliwa wakati ufunguo unazungushwa, menyu ya majaribio hutokea. Jaribio la pili huisogeza mishale yote. Mshale wa mwendo ukipanda na kushuka vizuri, hakuna sababu ya haraka ya kununua dashibodi. Fundi asiyejua jaribio hili si lazima awe tapeli, lakini asipewe kazi hiyo kabla ya kujiridhisha.

Sensa na plagi ni nafuu, hivyo zitangulie. Kompyuta ya breki nayo huweza kufunguliwa na kuchomelewa upya na mtaalamu wa vifaa vya kielektroniki. Ikibadilishwa, mbadala wake sharti upangwe kulingana na gari husika. Hadi hapo, taa ya ABS inapowaka breki za kawaida hufanya kazi, ila ukikanyaga kwa nguvu magurudumu yanaweza kukwama na gari kuserereka. Dereva pia hana uhakika kama yuko ndani ya kilomita 50 kwa saa anapopita kwenye makazi.

Dashibodi ya mtumba ina hatari nyingine: hubeba kumbukumbu ya kilomita za gari ilikotoka. Katika E39 kilomita huhifadhiwa pia kwenye kompyuta ya taa, na kumbukumbu hizo mbili zisipolingana, alama ya nukta huonekana kando ya tarakimu za kilomita. Mnunuzi akiiona, aulize. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 ya Tanzania inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na kuficha umbali halisi uliotembewa na gari ni upotoshaji.

Dashibodi ikilazimika kubadilishwa, risiti ionyeshe tarehe, kilomita zilizosomwa kabla na baada ya kazi, na kipuri kilichofungwa kama ni kipya au cha mtumba. Kipuri cha zamani ni mali ya mteja, akidai apewe.